Doa kwenye Shavu la Mwalimu

Mume na mke walikuwa na studio ndogo ya picha kando ya barabara ya vumbi. Mume alipiga picha. Mke alizichapa na kuhudumia wateja. Kazi ilikwenda vizuri, mpaka mwalimu wa hesabu aliporudisha picha zake za pasipoti.

"Karani anayepokea fomu amezikataa," alisema. "Anasema mtu wa kwenye picha ana doa shavuni, mimi sina. Na mwisho wa kupeleka fomu ni kesho."

Mume alifuta lenzi kwa kitambaa laini, akampiga picha tena. Doa likarudi palepale.

"Labda unalo, hujalitambua," mume alisema.

"Uso huu ninao miaka arobaini na sita," mwalimu alijibu.

Mke alipekua picha za wiki nzima. Fundi bomba alikuwa na doa. Mama mkwe wake alikuwa nalo, tena yeye alilipenda. Hata mtoto mchanga alikuwa nalo, juu ya sikio.

"Ugonjwa huu unaambukiza," mke alimwambia mumewe. "Na wagonjwa wote wamepita kwako."

Mume alitoa lenzi, akapuliza ndani ya kamera kwa mdomo. Katika picha iliyofuata, mwalimu alikuwa na madoa manne.

"Sasa nina tetekuwanga," mwalimu alisema.

Mke alivuka barabara kumwita jirani yao, fundi wa kamera, mama asiye na haraka. Fundi alipunguza tundu la lenzi linalopitisha mwanga, akapiga picha ya karatasi nyeupe. Madoa yote yakajitokeza.

"Doa likikaa mahali pamoja kwenye kila picha, liko ndani, kwenye sensa," alimweleza mume. "Sensa ndiyo inayopokea picha. Lenzi unabadilishia wapi?"

"Mlangoni. Kuna mwanga."

"Na vumbi. Badilishia ndani, feni imezimwa, kamera ikitazama chini. Fanya upesi."

"Na kupuliza?"

"Mdomo una mate. Na kitambaa kitakwaruza. Tumia hiki."

Alitoa kipulizio cha mpira cha kubana kwa mkono. Alihakikisha betri imejaa, akachagua kusafisha sensa kwenye menyu ya kamera, kisha akatoa lenzi. Aliinamisha kamera, akabana mara kadhaa bila kugusa ndani. Doa la zamani likatoka. Matatu yakabaki.

"Haya ni mate yako, baba," alisema. "Yanataka kijiti na dawa maalumu. Hiyo niachie mimi."

Alasiri hiyo mwalimu alipigwa picha safi. Kesho yake karani alimtazama, akaitazama picha, akagonga muhuri.

Siku hizi mume akitaka kubadilisha lenzi, hufunga mlango, huzima feni, hupiga magoti, huinamisha kamera na kuomba watu wasipige chafya.

"Anasali?" mteja mmoja alimnong'oneza mke.

"Hapana," mke alijibu. "Anabadilisha lenzi. Ila ukitaka kusema amina, sema ukiwa umefunga mdomo."