Nakala Ishirini za Mama Tahlia

Asubuhi za msimu wa mvua, Tahlia alizoea kumkuta mama yake mezani na kompyuta, chai imepoa. Renee, mama yake, alitunza tovuti ya taarifa za mafuriko ya mji wao wa Innisfail.

"Hizo namba zinazopanda ni nini, Mama?"

"Ni maombi. Kila mtu akifungua ukurasa, simu yake inaomba taarifa, na mfumo unahesabu. Maombi yakizidi, programu yetu inajiongezea nakala za kuyajibu. Yakipungua, nakala zinajizima."

"Kwa hiyo haizidiwi!"

"Inazidiwa. Mwisho ni nakala ishirini, bosi hataki zaidi. Haya kula, basi la shule litakuacha."

Tahlia, binti wa miaka kumi na mitatu, alishika lile la kujiongeza. La ishirini akalipuuza. Hamu yake ilikuwa kuwa wa kwanza kujua shule ikifungwa, na tangazo hilo lilitokea kwenye ukurasa uleule. Akaunda kiprogramu cha kuuliza mara kumi kila sekunde, akawagawia wenzake thelathini.

"We Tahlia, hatutaiharibu kweli?" aliuliza Coby, rafiki yake.

"Acha woga, bwana! Mama mwenyewe kasema inajiongeza."

Jumatano asubuhi shule ikafungwa. Watoto walishangilia, na kwa furaha yao hakuna aliyekumbuka kukizima kile kiprogramu. Mzaha mzaha hutumbua usaha.

Saa nane mchana mto ulianza kupanda kwa kasi ambayo hakuna aliyeitarajia. Renee alishika kichwa. "Nakala zote ishirini zimejaa! Watu hawapati ukurasa. Nani anauliza namna hii?"

Tahlia alijua. Akaenda chumbani, akazima kiprogramu kwenye simu yake tu; simu za wenzake thelathini ziliendelea kuuliza. Hakumwambia mama yake. Aliogopa kugombezwa, basi, hofu ndogo kama hiyo.

Ng'ambo ya barabara, Mzee Torrisi alikuwa akisubiri ukurasa ufunguke aone kina cha mto. Alikuwa na ng'ombe kumi na wanne bondeni. Alipochoka kusubiri na kwenda kutazama kwa macho yake, maji yalikuwa yameshapita uzio. Aliokoa watatu.

Kesho yake bosi alimwondoa Renee kwenye kazi ile. Tahlia alipomwona mama yake akifunga kompyuta, moyo ulimshinda. Akaeleza yote huku akilia. Mama hakumfokea, na hilo lilimuuma kuliko kufokewa.

"Vaa viatu," alisema tu.

Mzee Torrisi aliwasikiliza akiwa amesimama kwenye tope.

"Nilijaribu kuufungua ule ukurasa mara saba, mwanangu. Nikasema moyoni, pengine mto umetulia."

"Nisamehe, babu."

"Leo siwezi," alijibu mzee. "Kesho sijui. Chukua glavu, kuna waya za uzio za kutoa kwenye tope."

Walizitoa waya hadi jioni. Wiki ile mtu aliyechukua nafasi ya Renee aliweka sheria mpya: kila simu iruhusiwe maombi machache tu kwa dakika. Tovuti ikapona. Kazi ya Renee haikurudi.

Jumamosi, wakinawa matope nje ya nyumba, Renee akasema, "Mfumo unahesabu maombi tu, Tahlia. Haujui lipi ni la mtu mwenye shida na lipi ni la mtoto anayecheza. Wewe ulijua. Kukosea kila mtu hukosea, lakini kosa ukilificha, linaendelea kuumiza watu wakati wewe umekaa kimya."

Tahlia aliendelea kusugua matope kwenye glavu.

"Ungeniambia saa nane ileile," mama aliendelea, "ningezizuia zile simu kwa dakika mbili. Saa nane ng'ombe wote walikuwa hai."