Mpe Dada Tuva Jembe!

Mishi alikaa mbali sana, nchi ya Norwe. Huko, wakati wa kiangazi, jua halina adabu. Watoto wanakwenda kulala, lenyewe bado limetoa macho!

Mishi alipenda kitu kimoja kuliko vyote. Alipenda hadithi ya Mama, kitandani.

Lakini kiangazi hiki chekechea ilifungwa. Kombo, mdogo wake, akabaki nyumbani kutwa nzima.

Mama hushona nguo za watu. Huku cherehani, trrr-trrr! Huku Kombo, waaa-waaa!

Usiku Mama akasema, "Paukwa!"

"Pakawa!" akajibu Mishi.

"Chura alinunua viatu. Alipovivaa, aka... aka... grrr-puuu."

Mama kalala! Na chura je? Maskini Mishi, hakujua.

Baba akasema, "Mama amechoka. Tutafute msaidizi wa kiangazi."

Basi akaja Dada Tuva, na begi lake mgongoni. "Nimekuja kumlea Kombo hadi chekechea ifunguliwe," akasema. "Nimbebe?"

"Haa! Na safari yote hiyo?" Mama akashtuka. "Kunywa chai kwanza. Wewe mgeni wetu. Kaa, kaa, kaa!"

Dada Tuva akakaa. Akanywa chai. Akala maandazi.

Kesho yake akauliza, "Nioshe vyombo?"

"Haa! Mgeni aoshe vyombo?" Baba akampa kiti chake, na mto wa kuegemea. "Wewe mgeni wetu. Kaa, kaa, kaa!"

Dada Tuva akakaa. Akala wali. Akala chapati. Tumbo likawa kama ngoma.

Na Mama? Mama alipika, akashona, akambeba Kombo. Trrr-trrr! Waaa-waaa!

Usiku ukafika. "Paukwa!"

"Pakawa!"

"Chura alinunua... grrr-puuu."

Mishi alikasirika. Alikasirika hadi akalia kidogo.

Asubuhi Bibi akapiga simu ya video kutoka Tanga.

"Mishi, nani yule anayekula sambusa?"

"Ni Dada Tuva, Bibi. Amekuja kumlea Kombo."

"Na Kombo yuko wapi?"

"Mgongoni kwa Mama."

"Na Mama yuko wapi?"

"Jikoni. Anamkaangia Dada Tuva sambusa nyingine."

Bibi akacheka, kwa-kwa-kwa! Miwani ikamwanguka. "Mjukuu wangu, wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe! Leo siku ya ngapi?"

Mishi akahesabu kwa vidole. "Ya tatu!"

Akatafuta jembe. Chini ya kitanda, hakuna. Nyuma ya mlango, hakuna. Kabatini kuna koti la Baba tu.

Mishi akakaa akafikiri. Jembe ni la nini? La kazi. Na humu ndani kazi kubwa ni ipi?

Waaa-waaa!

Mishi akamchukua Kombo, mzito, na nepi imelowa chepe-chepe. Akamweka mapajani kwa Dada Tuva.

"Shika. Jembe lako hili."

Dada Tuva akaruka juu kwa furaha. "Hatimaye!"

"Jamani, Mishi! Mgeni huyo!" Mama akapiga kelele.

"Si mgeni, Mama. Leo siku ya tatu. Bibi kasema."

Mama akamtazama Baba. Baba akamtazama Mama. Wakacheka hadi wakashika mbavu.

Siku hiyo Dada Tuva alibadilisha nepi. Aliosha vyombo. Mama akamfunga Kombo mgongoni kwa Dada Tuva kwa kanga, nao wakazunguka nyumba, tiki-taka, tiki-taka, hadi Kombo akanyamaza.

Usiku ukafika. Jua bado limetoa macho.

"Paukwa!" akasema Mama.

"Pakawa!"

"Chura alinunua viatu. Alipovivaa, akazama humo mzima! Basi ndani ya kiatu kimoja akalala yeye. Ndani ya kingine akamlaza mwanawe. Na hadithi yangu imeisha."

Imeisha! Mishi akacheka, akajifunika shuka.

Mara wakasikia, grrr-puuu.

"Mama, umelala?"

"Mimi? La."

Wakachungulia sebuleni. Dada Tuva kalala kochini. Kombo kalala juu yake.

Mama akawafunika kanga, polepole.

"Sasa," akanong'ona Mishi, "nyingine."