Madaftari Yaliyokalia Viti

Kila asubuhi mama alinisuka nywele huku akiimba, nami nikiwa nusu usingizini, nikielea juu ya wimbo wake. Mama ni mwalimu katika shule ninayosoma. Wenzangu wananiita Ndoto za Mchana, maana hesabu zikipamba moto, mimi niko dirishani na mawingu. Sikatai.

Muhula huu wimbo ulikatika. Mama alinisuka kimya, macho mekundu kwa kusahihisha. Jioni moja nilimsikia akimwambia shangazi kwamba nguvu zimemwishia, muhula ukiisha ataacha ualimu. Niliumia sana. Mama bila shule sikuweza hata kumwota.

Kesho yake nilitumwa kupeleka madaftari ofisi ya walimu. Jua liliingia dirishani na vumbi la chaki likaelea polepole, nikasahau kilichonileta. Shuleni kwetu mwalimu husahihisha kila zoezi la kila mwanafunzi, na madaftari hayawekwi sakafuni. Basi kila kiti kilibeba rundo, kama wageni wanene waliokataa kuaga. Walimu walikunywa chai wakiwa wima. Mama aliegemea ukuta, macho ameyafumba.

Mwalimu mkuu akaniuliza naota nini tena. Ningeweza kusema si kitu, nikaondoka zangu. Lakini nilimwona mama.

"Madaftari yamekaa, mwalimu," nikasema. "Nyinyi mmesimama. Na mama haimbi tena."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu mkuu alivitazama vile viti kana kwamba ndiyo kwanza anaingia humo. Akaondoa rundo moja, akamwomba mama aketi, akamuuliza kinachomchosha. Mama akalia, kisha akasema yote. Wengine nao wakafunguka. Kumbe kila mmoja alidhani ni yeye peke yake anayeshindwa.

Tangu hapo walimu walikutana kila Ijumaa, wakifundishana wao kwa wao namna ya kupunguza mzigo. Kwanza walijaribu kutuacha wanafunzi tusahihishiane. Lo, tulipeana alama za vema tupu, hata rafiki yangu aliyejibu maswali ya wiki iliyopita alizipata zote! Walimu hawakulaumiana. Walikaa, wakatafuta walipokosea, wakarekebisha: majibu yaandikwe ubaoni, kisha mwalimu apitie madaftari machache kuhakikisha. Hapo mambo yakakaa sawa.

Asubuhi moja, kitana kikiwa kichwani mwangu, nikasikia wimbo. Niliogopa kugeuka, usije ukakatika tena.

"Mama, bado utaacha kufundisha?"

"Siachi. Nilidhani kunyamaza ndiyo bidii, mwanangu. Nilikosea, na shule nzima ilikosea pamoja nami. Mtu akichoka aseme ukweli, na wenzake wamsikilize, wajifunze jambo. Wewe ndiye uliyeanza kusema."

Akafunga msuko wa mwisho, akanisukuma taratibu mlangoni.

"Haya, twende. Siku hizi nina pa kukaa."