Kona Nne za Babu Magunia

Kila asubuhi Babu Magunia alikunywa chai, akafuta miwani, kisha akaketi kwenye cherehani yake karibu na dirisha. Jina hilo alilipata kiwandani. Alishona magunia ya unga mpaka akastaafu, na gunia lake halikuwahi kumwaga unga.

Sasa alishona mfarishi, yaani blanketi la viraka lenye pamba ndani. Ulikuwa wa mjukuu wake wa kwanza. Viraka alivikata kwenye mashati yake ya kazi. Mtaa mzima aliutangazia kwamba mtoto atalalia kazi ya mkono wa babu yake. Na kesho binti yake angemleta mtoto.

Ulibaki utepe wa kuzungushia kingo tu. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kila kwenye kona, utepe ulijikunja ukavimba.

Mkewe akapapasa kona moja. "Baba watoto, hizi ni kona au masikio ya mbuzi?"

"Zitalala zikipigwa pasi."

"Si umezipiga tangu jana? Basi, mimi nitapita dukani ninunue blanketi. Mtoto hawezi kungoja mpaka aote ndevu."

Maneno hayo yalimchoma. Babu akaukunja mfarishi, akautia kwapani, akaenda mlango wa pili kwa fundi wa mapazia, dada mmoja mcheshi.

"Shikamoo, babu. Leo umeniletea gunia?"

"Marahaba. Cheka baadaye, mwanangu. Kwanza tazama hizi kona."

Fundi akazigeuza. "Umeshona mpaka mwisho kabisa wa ukingo."

"Ndiyo. Ukiacha nafasi, unga unamwagika."

Fundi alicheka hadi akashika meza. "Babu, humu hamna unga. Fumua kona zote."

Babu alipomaliza kufumua, fundi alimwachia kiti chake. "Shona, lakini simama kabla ya kona. Acha nafasi sawa na upana wa mguu wa cherehani, hiki kichuma kinachobana kitambaa. Rudisha sindano kidogo, kata uzi."

Babu alikanyaga pedali. Unyayo wake ulitaka kuendelea, kwa mazoea ya magunia. Akauzuia.

"Sasa geuza mfarishi. Utepe uinue juu, uende mbali na kitambaa. Unaona mkunjo wa mshazari hapo konani?"

"Nauona."

"Ubane kwa kidole. Utepe urudishe chini, ulale juu ya ukingo unaofuata. Mkunjo wa juu uwe sawasawa na ukingo uliotoka kuushona. Haya, shona kuanzia juu kabisa."

Babu akashona. Kisha akaupindua utepe upande wa nyuma. Kona ikalala yenyewe, imekunjika vizuri kama bahasha.

"Kumbe ile nafasi ndiyo inayoupa utepe pa kugeukia," alisema.

"Ndiyo hiyo tu, babu."

Kona tatu zilizobaki alizishona mwenyewe. Jioni, nyumbani, akamalizia nyuma kwa sindano ya mkono.

Kesho yake mtoto alilazwa juu ya mfarishi. Akakamata kona moja, akaitia mdomoni. Bibi yake akaitoa taratibu. Akaipapasa. Akapapasa na ya pili.

"Mama," binti akauliza, "si ulisema unanunua blanketi?"

"Blanketi la nini? Mtoto ana mfarishi." Akamgeukia mumewe. "Baba watoto, na kitanda chetu sisi kitakula utepe kiasi gani?"

Babu Magunia alikuwa ameshaanza kufuta miwani.