Sauti Aliyoitii Jabali

Haya yalimkuta rafiki yangu Josepha, mkulima wa tumbaku kule Urambo, na amenisimulia mara moja tu.

Josepha alimlea mbwa wake Jabali tangu akiwa kitoto cha kunyweshwa maziwa kwa chupa, hadi akawa jibwa la kichwa kipana, zito kuliko mumewe Revocatus. Watoto walimpanda mgongoni, lakini sauti aliyoitii ilikuwa moja tu, ya Josepha.

Alasiri moja yeye na Jabali walikwenda kwenye bani, kibanda cha kukaushia tumbaku, kuchukua magunia. Bani halina dirisha, na ndani mlikuwa na giza totoro. Josepha akawa anapapasa ukutani. Mara akasikia mtu akiita taratibu kutoka pembe ya mbali, "Jabali, njoo kwa mama."

Ilikuwa sauti yake mwenyewe, na yeye hakuwa amefumbua kinywa.

Akasikia kucha za mbwa zikielekea kule, kisha mkia ukipigapiga sakafu kwa furaha.

"Jabali, rudi!" akasema. "Mama yako ni mimi!"

Mkia ukanyamaza. Mbwa aliyemlea kwa mkono wake akamngurumia kama anavyowangurumia wageni. Josepha akakimbia, akalia njia nzima.

Jioni Jabali alirudi, akala, akajilaza mlangoni kama kawaida yake. Lakini tangu siku ile, Josepha akimwita, mbwa hugeukia kwanza upande wa bani, akatega masikio na kungoja. Ndipo huja. Siku nyingine haji kabisa.