Maili ya Mama Faustina

Mama Faustina anaishi Ipogolo, chini ya mlima wa Iringa mjini. Huamka, husali, hupika uji wa kikombe kimoja. Mumewe, mzee Kalinga, alifariki mwaka juzi. Tangu hapo yeye huenda kanisani na kliniki tu. Siku nyingine jua huzama hajaongea na mtu.

Kichwa kilianza kumuuma. Kliniki wakampima. Presha ilikuwa 170 kwa 100. Wakampa dawa, wakamwambia asikae tu, atembee.

Binti yake Juliana akapiga simu kutoka Igowole, anakoishi.

"Mama, nije nikukute umeanguka humo ndani? Presha isiposhuka hadi Desemba, nakuja kukuchukua. Nyumba tutaipangisha."

"Nyumba hii niliijenga na baba yako."

"Najua, mama. Lakini nakuja."

Jirani yake, Tumpe, ni nesi mstaafu. Akamwambia habari za klabu ya mbio. Kila Jumamosi saa moja asubuhi, wakubwa kwa wadogo hukimbia maili moja kwenye uwanja wa shule. Ni mizunguko minne. Mwalimu Filemoni hushika saa na kuandika muda wa kila mtu.

Faustina akaenda. Filimbi ikalia. Watoto wakachomoka, wakubwa wakafuata. Akaona atabaki nyuma yeye tu, mjane, watu wote wakimtazama. Akashika kitenge, akakimbia nao.

Hakumaliza hata mzunguko mmoja. Macho yalimjaa giza, akakaa chini kwenye majani.

"Dada, umewasha kuni kwa petroli, zimelipuka zikazima!" alisema mzee Saulo, mmoja wa wakimbiaji, akipita. Watu wakacheka.

Faustina hakucheka. Alirudi nyumbani bila kuaga. Jumamosi mbili hakuonekana.

Tumpe akamfuata nyumbani, akamsalimu kwa Kihehe.

"Kamwene, dada."

"Kamwene. Karibu ukae."

"Siku ile ulikuwa unamkimbia nani?"

Faustina akasema, "Sikutaka kubaki nyuma peke yangu. Nyumbani niko peke yangu. Hata uwanjani?"

Tumpe akamshika mkono.

"Saa ile haikushindanishi na watoto. Inakuonyesha wewe wa leo na wewe wa Jumamosi iliyopita. Mwenye presha haanzi kwa mbio, anaanza kwa kutembea. Sali Baba Yetu kwa sauti huku unakwenda. Ukiimaliza bila kukatika pumzi, mwendo ni mzuri. Ukikatika, punguza. Kifua kikibana au ukiona kizunguzungu, simama, utuite. Na dawa usiache hata siku moja."

"Na wakimaliza wakaondoka?"

"Filemoni hazimi saa mpaka wa mwisho afike."

Jumamosi iliyofuata Faustina alitembea. Mzunguko wa tatu wenzake wote walikuwa wamemaliza. Uwanja ulikuwa mtupu, ukungu umeshuka, akisikia nyayo zake tu. Akasali Baba Yetu, akaimaliza, akaanza tena. Mbele, kwenye mstari, Filemoni alikuwa amesimama kwenye baridi, saa mkononi.

"Dakika ishirini na tisa, mama! Nimeandika."

"Si nyingi hizo?"

"Ni zako. Wiki ijayo tutaona."

Akaenda kila Jumamosi. Siku nyingine za wiki alitembea nusu saa, akisali njiani. Dawa alimeza kila siku. Dakika zikawa ishirini na sita, kisha ishirini na tatu. Bado alikuwa wa mwisho.

Desemba kliniki wakampima. Presha ilikuwa 136 kwa 84.

"Usiache dawa," daktari akasema, "na usiache kutembea."

Faustina akampigia Juliana, akamsomea namba kwenye kadi.

"Soma tena, mama."

Akasoma tena. Juliana akaziandika.

"Basi, mama. Baki kwako."

Faustina akaweka simu mezani. Ndani mlikuwa kimya, kama siku zote. Akafungua mlango, akatoka kwenda kumwambia Tumpe.