Kapu la Salamu

Watu milioni sita wa Dodoma Mpya walikuwa njiani kwenda kazini, na hakuna kilichowaka machoni mwao. Zamani lenzi walizovaa zilifurika arifa tangu alfajiri: matangazo, michango ya harusi, salamu za makundi ya ukoo, hadi watu wakawa wanagonga nguzo za barabarani. Sasa kulikuwa na Chekeche. Mtambo huo ulisoma maneno kumi na mawili ya mwanzo ya kila ujumbe. Jambo la haraka liliwaka jekundu papo hapo; mengine yalitumbukia kwenye Kapu la Salamu, lililofunguliwa kila Ijumaa saa kumi alasiri. Hata simu haikulia mpaka ujumbe wa mpigaji upite kwanza.

Aliyetunga kanuni hiyo ni Mhandisi Nakunda Mshana, na Ijumaa hii alikuwa hatulii. Baba yake alilazwa Same tangu Jumatatu. Huenda angepasuliwa moyo, na Nakunda alitaka kuzungumza naye kabla. Alimwagiza mdogo wake, Elineema, amwandikie kila hatua. Siku ya tano sasa, hakuna jekundu. Alikaa, akasimama, akaiacha chai ya tatu ipoe.

"Si upige tu?" alisema Mwanjisi, fundi wa meza ya jirani. "Unanizungusha kichwa."

"Kungekuwa na neno, lingewaka. Nikipiga, nitakuwa naikana kazi yangu mwenyewe."

Kiburi cha mhandisi hicho, nacho hakina dawa.

Saa kumi kapu likafunguka. Ndani, katikati ya salamu mia mbili, zilikuwemo tatu za Elineema.

Jumanne: "Shikamoo dada. Habari za Dodoma na kazi? Huku sisi hatujambo kabisa, mvua tunashukuru. Ila baba anapasuliwa Alhamisi. Anataka akusikie kabla hajaingia."

Jumatano: "Shikamoo dada. Za tangu juzi? Sisi huku wazima, hata mama anakusalimu sana. Ila baba anauliza, umemkasirikia?"

Alhamisi: "Shikamoo dada. Pole sana na majukumu ya kazi. Huku tunamshukuru Mungu, sisi hatujambo. Ila baba hatunaye tena."

Nakunda alizirudia zote tatu. Kwao mtu harushiwi msiba usoni. Kwanza 'hatujambo', ndipo ije 'ila', na Chekeche haikusoma hadi hapo. Nakunda alilijua hilo tangu utotoni, na siku alipoketi kuandika kanuni, akalisahau.

"Kuna nini, mhandisi?" Mwanjisi aliuliza.

Nakunda aliizima Chekeche kwenye lenzi yake, akapiga.

"Shikamoo dada." Sauti ya Elineema ilikuwa imekauka.

"Marahaba."

"Habari za huko?"

"Nzuri," alijibu Nakunda, kama alivyolelewa, na akaangua kilio kabla hajaifikia 'ila'.